Yafaa Kemia Ichezwe kama Bao



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi hulitaja kwa mzaha tu, nalo ni michezo. Sisemi juu ya mpira wala mbio, maana hiyo ina watetezi wengi. Nasema juu ya michezo ya kukaa kitako na kufikiri: bao, drafti, karata, na ile michezo ya mashine ambayo sisi vijana huiita gemu. Shauri langu ni hili: somo la kemia, ambalo wanafunzi wengi hulikimbia, yafaa lichezwe, na chombo cha kulichezea hatuna haja ya kukiagiza ng'ambo, maana tunacho barazani. Chombo hicho ni bao.

Najua wako watakaocheka. Lakini kabla ya kucheka, natutazame kwanza wenzetu Wajapani, ambao ndio mabingwa wa michezo ya mashine.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliotungwa na Bwana Tomohiro Nishikado. Mashine yake ilikuwa kubwa kama kabati, na mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo acheze. Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, kampuni ya Namco ikatoa Pac-Man, mchezo wa Bwana Toru Iwatani. Michezo hiyo miwili ilienea duniani kote. Kampuni nyingine, Nintendo, ambayo ilianza katika mji wa Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mwaka 1990 mchezo uitwao Dr. Mario. Humo daktari hutupa vidonge ndani ya chupa yenye vijidudu vya maradhi. Kila kidonge kina nusu mbili, na rangi ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Mchezaji akipanga rangi moja mara nne kwa mstari, pamoja na kijidudu cha rangi hiyo, vyote hutoweka. Mchezo huo uliingizwa pia katika mashine za kutia sarafu.

Mwaka huohuo wa 1990, kampuni ya Kijerumani iitwayo Thalion ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Atomix. Humo mchezaji hupewa atomi zilizotawanyika katika chumba chenye kuta. Akiisukuma atomi, haisimami mpaka igonge ukuta au atomi nyingine. Kazi yake ni kuzikutanisha hata ziwe molekuli kamili, kama vile ya maji. Mtu aujuaye mchezo wa Kijapani wa Sokoban, wa mwaka 1982, ambao ndani yake mtunza ghala husukuma masanduku mpaka mahali pake, ataona mara moja kwamba michezo hiyo miwili ni ndugu.

Sasa natufikiri. Dr. Mario na Atomix yote miwili imechukua kitu katika elimu, lakini haikuchukua kitu kimoja. Dr. Mario amevaa kanzu ya daktari tu. Mtu aweza kuucheza mwaka mzima asijue hata dawa moja inavyofanya kazi, maana kanuni ya mchezo ni rangi, si dawa. Lakini mwenye kucheza Atomix hawezi kuijenga molekuli ya maji bila kujua kwamba ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, na kwamba oksijeni hukaa katikati. Mchezo wa kwanza umeazima nguo za elimu. Wa pili umeazima mifupa yake. Basi tukitaka mchezo wa kutufundisha, tusiulize kama una picha za chupa na moshi. Tuulize kama kanuni ya mchezo ni kanuni ya elimu yenyewe.

Hapo ndipo ninapolileta bao.

Bao la Kiswahili, kama wazee wetu wajuavyo, lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huweka 10 ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki nje akizinamua moja moja. Tena kuna jambo moja ambalo watu huliona kila siku wasilitie maanani. Mtu akila kete za mwenzake, hazitii mfukoni wala hazitupi. Huzipanda upande wake, nazo zaendelea kucheza. Kete zahama, zarundikana, zatawanyika, shimo moja lajaa na jingine labaki tupu, lakini ukizihesabu mwisho wa mchezo ni zilezile 64. Hakuna iliyozaliwa, hakuna iliyokufa.

Hiyo ndiyo kanuni kuu ya kemia. Mfaransa Antoine Lavoisier aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1789: katika badiliko la kemia hakuna kinachoongezeka wala kupungua, ila vitu hubadili mahali na wenzi. Kuni ikiungua haipotei. Atomi zake zimehama tu, nyingine zimekuwa majivu, nyingine zimekwenda hewani. Mwanafunzi husoma kanuni hiyo darasani, huikariri, kisha akipewa mlinganyo wa kusawazisha hukwama. Yule yule, ukimweka mbele ya bao, huhesabu kete za mashimo saba kwa jicho tu na kukuambia zitaishia wapi. Basi akili ya kuhesabu anayo. Asichokuwa nacho ni kuonyeshwa kwamba hesabu hizo mbili ni moja.

Nitaeleza jinsi ya kucheza, ili isisemwe kwamba naleta maneno matupu. Chukua komwe ziwe kaboni, simbi ndogo za pwani ziwe haidrojeni, na punje za mahindi ziwe oksijeni. Safu mbili za upande wako ni vitu kabla ya kuungua, safu mbili za mwenzako ni vitu baada ya kuungua. Kila shimo ni molekuli moja. Sheria ni moja tu na haina msamaha: hutii wala hutoi kete moja peke yake, unatia au unatoa molekuli nzima. Mchezo huisha pande zote mbili zikiwa na komwe sawa, simbi sawa na punje sawa, na mshindi ni yule aliyetia shimo la mwisho lililosawazisha.

Tuanze na gesi ya Songo Songo, maana ni mali ya wilaya yetu ya Kilwa. Gesi hiyo sehemu yake kubwa kabisa ni metani, na molekuli ya metani ni kaboni moja na haidrojeni nne. Upande wangu natia shimo moja la metani, komwe moja na simbi nne, na shimo moja la oksijeni, punje mbili, kwa sababu oksijeni ya hewani hutembea mbili mbili. Mwenzangu atia shimo moja la hewa ya ukaa, komwe moja na punje mbili, na shimo moja la maji, simbi mbili na punje moja. Tukihesabu, komwe zi sawa, lakini mimi nina simbi nne naye ana mbili; mimi nina punje mbili naye ana tatu. Mwenzangu aongeza shimo la pili la maji. Simbi sasa ni nne kwa nne, lakini punje zake zimekuwa nne na zangu bado mbili. Naongeza shimo la pili la oksijeni, na mambo yamekwisha: komwe moja kwa moja, simbi nne kwa nne, punje nne kwa nne. Kete tisa upande huu, kete tisa upande ule. Huo ndio mlinganyo ambao kitabuni huandikwa CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O.

Angalieni faida iliyomo katika ile sheria isiyo na msamaha. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuisawazisha oksijeni kwa kubadili maji yenyewe, yaani badala ya H2O huandika H2O2. Kwenye karatasi ni tarakimu ndogo tu na hesabu yaonekana imekaa vizuri. Lakini H2O2 si maji; ni dawa kali ya kusafishia vidonda na kung'arishia nguo, na haifai kunywewa. Katika bao kosa hilo halina nafasi, maana mwenye kutia punje ya pili katika shimo la maji amevunja sheria mbele ya watazamaji, na watazamaji wa bao, kama mjuavyo, hawanyamazi.

Bao hilihili hutufunza pia ukubwa wa milinganyo. Katika mitungi ya gesi ya kupikia mna propani na butani. Propani, yenye kaboni tatu na haidrojeni nane, hutaka oksijeni tano, nayo hutoa hewa ya ukaa tatu na maji manne. Hesabuni: kete 21 kwa 21, jumla 42. Bao moja latosha. Lakini butani ni mkaidi. Ili mlinganyo wake usawazike bila nusu ya molekuli, zahitajiwa butani mbili na oksijeni 13, nazo zatoa hewa ya ukaa nane na maji 10. Kila upande una kete 54, na bao zima lina 64 tu. Itawabidi wachezaji waazime kete za jirani. Mwanafunzi aliyekwenda kuazima kete za jirani kwa ajili ya butani hataisahau butani mpaka uzee wake.

Mfano wa pili nautoa Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ambavyo ni sehemu ya magofu yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na watu wa hapa walikuwa wakichoma chokaa tangu kabla ya hapo. Matumbawe ni kalsiamu, kaboni na oksijeni. Yakichomwa vizuri hutoa hewa ya ukaa, na katika kila kilo 100 za mawe yaliyo safi hubaki kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimekwenda hewani. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kuvimba, na kilo 56 hunywa kilo 18 za maji zikawa 74. Kisha ukutani, polepole, hurudisha hewa ya ukaa kutoka angani na kutoa maji, mpaka inakuwa tena jiwe kama lile la kwanza. Kete zimezunguka bao zima na kurudi shimoni mwake. Mafundi wale hawakuwa na alama za kemia, lakini mikono yao iliijua njia, na kuta zao zimesimama mpaka leo.

Sasa nijibu wanaopinga.

Wako wasemao kwamba mchezo ni mlango wa kamari. Hofu hiyo naiheshimu. Mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zimewekwa hata katika vijiji, na vijana hupoteza humo nauli na ada. Lakini sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuicheza, na wanafunzi wengi wa sekondari tu chini ya umri huo. Tena tofauti ni kubwa. Katika mashine ya kamari mchezaji hana la kufikiri. Bahati ndiyo ichezayo naye ndiye achezewaye. Katika bao hakuna bahati hata chembe, kila kete iko wazi machoni pa wote. Kuyaweka mambo hayo mawili katika kapu moja ni kumwonea mzee wa barazani. Hata hivyo naunga mkono kwamba pasiwekwe zawadi ya fedha wala ya kitu.

Wako wasemao kwamba muda ni mchache na mtihani wa Taifa u karibu. Nao nawajibu: muda wa kurudia mara kumi jambo ambalo halikueleweka mara ya kwanza ndio muda unaopotea. Mwenye kukariri mlinganyo mmoja anao mmoja. Mwenye kujua kusawazisha anayo yote, hata ule ambao hajapata kuuona.

Wako pia wasemao kwamba masomo yetu ya sekondari ni ya Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza, hivyo kucheza kwa Kiswahili kutatuharibu. Mimi naona kinyume chake. Mwanafunzi mwenye kupigana na lugha na kemia kwa saa moja huenda akashindwa na yote mawili. Na tuelewe kwanza kwa lugha tunayoota nayo ndoto, kisha tuandike kwa lugha ya mtihani. Tena alama za kemia si Kiingereza wala si Kiswahili. H2O ni H2O Tokyo, ni H2O London, na ni H2O hapa Kikole.

Lakini haki yanitaka niseme na upungufu wa shauri langu. Kete haziungui. Hazitoi harufu, hazichemki, wala hazigeuzi rangi ya litmasi. Mwanafunzi aliyecheza bao la kemia miaka minne bila kuingia maabara ataujua mlinganyo wa asidi asijue jinsi ya kuishika chupa yake. Basi pasiwe na mtu atakayelichukua bao kuwa kisingizio cha kutonunua dawa na vyombo. Bao ni msaidizi wa maabara, si mrithi wake.

Jambo jingine ni dada zetu. Katika baraza nyingi za pwani bao huchezwa na wanaume, na mwanamke hupita tu. Desturi hiyo isivuke lango la shule. Ikiwa kemia itaingia katika bao, na bao likabaki la wavulana, tutakuwa tumewafungia wasichana mlango wa pili juu ya ule wa kwanza. Wakae nao ubaoni tangu siku ya kwanza, wala si kama watazamaji.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Kwa sababu gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba na kuendesha mitambo ya umeme. Huko Likong'o, Lindi, panapangwa kiwanda cha kuigeuza gesi ya bahari kuu kuwa maji kwa kuipoza mpaka nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, ambapo hujikunja mara 600 hivi ikapata kupakiwa melini. Kazi ya namna hiyo yataka watu waijuao metani kama mvuvi aijuavyo bahari. Wakikosekana miongoni mwetu, watatoka mbali, nao watakaribishwa kwa heshima kama wageni wote. Nasi tutafungua lango, tutafagia ua, na usiku tutalinda. Hizo ni kazi halali, wala sizidharau. Lakini si haki ziwe ndizo peke yake zilizobaki kwa mtoto wa Kilwa, wakati gesi yenyewe imetoka chini ya bahari yake.

Wajapani hawakuishia katika michezo. Mrusi Mendeleev alipopanga elementi mwaka 1869, zilizojulikana zilikuwa 63, naye akaacha nafasi tupu kwa zile ambazo hazijaonekana, kama mashimo yangojayo kete. Leo zimefika 118. Elementi ya 113 ilitengenezwa Japani katika taasisi ya RIKEN, ambako atomi ya kwanza ilionekana mwaka 2004, na mwaka 2016 ikapewa jina la nihonium, kutokana na jina la nchi hiyo kwa lugha yao. Katika jedwali lote hakuna elementi hata moja yenye jina la mahali pa Afrika. Tunayo tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, lakini hiyo ni jiwe la thamani, si elementi.

Basi naomba mambo manne. Kwanza, Mwalimu Mkuu na mwalimu wa kemia watupe saa moja kila Jumamosi jioni. Pili, kila bweni litengeneze bao lake na kukusanya kete zake. Tatu, wazazi wenye mabao ya zamani nyumbani watuazime, na wazee waje watufunze kucheza bao lenyewe kabla hatujalitia kemia, maana asiyejua bao hatapata faida. Nne, matokeo ya mabweni yachapwe katika gazeti hili kila muhula, pamoja na milinganyo iliyochezwa, ili hata wazazi waone watoto wao wanacheza nini.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka mwisho wa mwaka, na huenda tusiufaidi mchezo huu. Lakini wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wana miaka minne mbele yao. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Na tuanze kucheza kwetu.